Somo Nililoona Haya Kulirudia

Somo lenyewe lilikuwa la uzito na nguvu: mizani, wenzo, jinsi maji yanavyosukuma. Nilikuwa nimelimaliza vizuri katika shule ya Wadachi kule Ujiji, kabla baba hajahamishia biashara yake ya mawese Rumonge nami nikapelekwa shule ya Usumbura. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: kuwa fundi wa mtambo kwenye stima iliyokuwa ikipita ziwani mbele ya mji wetu. Na kichwa kilikuwa kimenivimba, nisiseme uongo.

Mwalimu mpya, mtu wa pwani mwenye subira, alilaza ubao juu ya jiwe, akamkalisha mwanafunzi mnene upande mmoja, akaniambia nimwinue. Nikasimama wima, nikafumba macho, nikaisoma kanuni ya wenzo kwa sauti ya kusomea juzuu, nikiyumba mbele na nyuma kama tulivyozoea chuoni kwa shehe. Sikukosea hata neno. Darasa zima likaangua kicheko, na yule mnene akabaki palepale chini.

"Kanuni unayo," mwalimu alisema, "ila hujaielewa. Ukitaka, rudia somo hili pamoja na wadogo. Ukitaka, endelea na wenzako. Likizo ikiisha unijibu."

Rumonge nikakuta baba ameshachinja. Alinifanyia karamu ya kuhitimu masomo ya Ujiji, kama wafanyiwavyo watoto waliohitimu msahafu. Wageni walitoka Magara, wengine Kigwena. Shehe akaniombea dua, akina mama wakapiga vigelegele. Ningewaambiaje watu waliokula wali wangu kwamba narudi kukaa na watoto? Nikajitia hamnazo, nikala nyama. Shule ilipofunguliwa nikamjibu mwalimu kwamba naendelea.

Niliendelea gizani. Kila somo lilisimama juu ya lile nisilolijua, na tulipofika kwenye mvuke maji yalikuwa yamenifika shingoni. Mwisho wa mwaka mwalimu alinirudisha nyumbani kwa upole, na upole ule unaniuma hata leo. Kazi ya mtambo walipata wenzangu, wakiwemo wawili waliokubali kurudia. Niliwaonea wivu, tena wivu mbaya.

Baba alikuwa anachuja mawese nilipomweleza yote, pamoja na lile chaguo nililopewa. Nilingoja matusi. Hakutukana. Aliacha kuchuja, mikono yake ikichuruzika mafuta mekundu.

"Nani alikuambia kurudia iko aibu?" aliuliza. "Mimi alifu nilianza Ujiji. Nikahamia Uvira, mwalimu wa kule akanianzisha tena alifu. Nikakuja hapa, mutu muzima tayari, shehe naye akanirudisha palepale. Ukibadili mwalimu unaanza mwanzo, ndivyo iko. Hata mutoto mudogo anajua."

"Na karamu je, baba?"

"Karamu iko chakula, mutoto wangu. Watu walikula, wakashiba, wakaenda kwao. Ungeniuliza tu."

Sikuwa nimemuuliza.