Skana Iliyowachanganya Wanakwaya

Jumamosi, nimesimama kwenye kaunta ya duka moja Same, nikashuhudia mama mwenye duka akitaka kuachana na skana yake mpya ya kusomea namba za bidhaa. Kila akiilenga sabuni yangu inalia "pii!", lakini kwenye programu ya mauzo hapatokei kitu.

"Nilikwambia Linux haivitaki hivi vitu," alimfokea fundi aliyemwekea kompyuta yenye mfumo huo. "Basi la Moshi likifika, skana inarudi ilikotoka. Na kompyuta yako ubebe!"

"Mama, shikamoo tena," fundi akabembeleza, mikono kifuani. "Piga moja ya mwisho."

Pii! Patupu. Mama akashika selotepu kufunga boksi, simu yake ikaita. Mwenyekiti wa kwaya huyo, ambako mama ni katibu, na sauti yake ya besi tuliisikia sote.

"Katibu, kulikoni? Unatuma namba za nyimbo za kesho kwenye grupu, namba ndefu kuliko za simu! Kitabu gani hicho? Akina mama wa sauti ya pili wamepekua mpaka jalada!"

Fundi aliruka kama kakanyaga siafu. Kwenye kompyuta, grupu la kwaya lilikuwa wazi: sabuni, chumvi, majani ya chai, namba zote zimetumwa. Skana huandika kama kibodi, pale ulipobofya mwisho, na hubonyeza "Enter" yenyewe. Akabofya programu ya mauzo. Pii! Sabuni ikajitokeza na bei yake, mama akapiga kigelegele, boksi likatupwa kando.

Jamani, tunaiita mashine bubu, kumbe asubuhi nzima inaongea, ila na watu wengine.