Upepo wa Upande wa Kushoto

Nilikuwa fundi wa tairi pale Malaba, na sikuwa fundi wa kubahatisha. Miaka hiyo ya sabini malori yalilala kwenye foleni siku mbili tatu yakingoja karatasi za kuvukia Uganda, na madereva, kwa kukosa kazi, waligeuka wataalamu wa kila kitu. Huyu anakwambia tairi hupimwa kwa rungu, yule kwa teke. Niliwaacha waseme. Nilikuwa na pampu yangu na geji ya kupimia upepo, na mkono ambao, nikisema bila haya, haukuihitaji sana hiyo geji.

Mkono huo ulikuwa na desturi moja. Barabara zetu zina mgongo katikati na zinateremka pembeni, nasi tunaendesha upande wa kushoto. Basi lori lililojaa huegemea kushoto safari nzima, kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja. Kwa hiyo mafundi wa pale mpakani tuliongeza upepo kidogo kwenye tairi za kushoto. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Nilikuta wenzangu wakifanya hivyo, nami nikafanya, miaka tisa.

Kaka yangu, aliyenitangulia kwa miaka mitano, aliendesha tangi la mafuta. Ndiyo kazi aliyoijua na ndiyo iliyomlisha, lakini roho yake ilikuwa kwenye mashindano. Nje ya Busia, ukielekea Bumala, palikuwa na ghala la pamba lililofungwa, na wenye gereji walikuwa wamechonga njia ya murram, udongo mwekundu wa changarawe, kulizunguka. Jumapili moja moja, baada ya kanisa, walikuja watu wa Kisumu na Eldoret na magari yao madogo, wakazunguka pale mara kumi, na vumbi likatufunika sote. Walimcheka sana kaka. "Dereva wa tangi," walimwambia, "jogoo wa shamba hawiki mjini!" Mwishowe akanunua gari dogo la Kijapani lililochakaa, tukalifufua sisi wawili, jioni baada ya kazi.

Sijapata kufurahia kazi kama ile. Gari la mashindano halitaki magurudumu ya mbele yasimame wima kama askari langoni. Unayalaza kidogo, vichwa viingie ndani, ili gari likiinamia kwenye kona tairi likanyage chini kwa uso wake wote, si kwa ukingo. Tulipima kwa timazi ya mwashi na rula ya shule. Kwenye kiti cha dereva tuliweka gunia la mahindi lenye uzito wa kaka, maana gari lisilo na dereva husema uongo. Tukaongeza washa moja, kile kipete cha chuma cha kubadilisha mlalo wa gurudumu, tukaitoa, tukairudisha. Habari ya upepo nayo tuliielewa vizuri: njia ile ilizunguka kwa kukata kushoto tu, na uzito wote ukatupwa kulia, kwa hiyo tairi za kulia ndizo ziwe ngumu zaidi. Tulijaribu Jumapili tatu, na gari likashika kona vizuri ajabu. Nataka ieleweke kwamba jambo hilo nililijua.

Siku yenyewe watu walijaa. Nusu ya madereva wa foleni ya Malaba walikuja, na wote walikuwa na neno la kuniambia.

"Boss, ongeza upepo, hii gari italala!"

"Wee, punguza! Murram inataka tairi laini!"

Niliinama na pampu huku nikiwajibu, nikiwatukana kidogo, wakicheka. Nikazunguka tairi zote nne namna hiyo, mdomo ukiwa na kazi yake na mkono na yake.

Kaka hakuwa mtu wa kuamini ovyo. Siku zote alichukua geji akapima tena nyuma yangu, jambo lililoniudhi mno. Siku hiyo mmoja wa wale wa Kisumu akamwuliza, "Leo hupimi?" Kaka akaniwekea mkono begani mbele ya watu wote.

"Huyu ni ndugu yangu," akasema. "Akisema iko sawa, iko sawa."

"Iko sawa, kaka," nikasema. Nilijaa fahari.

Bendera ikashuka. Kona ya kwanza aliikata akiwa wa tatu, na hapo nikaona tairi la mbele kulia likikunjika chini ya rimu kama mguu ulioteguka. Nikairudia kazi yangu yote kichwani, tairi moja moja, nikitafuta mahali niliposimama na kupampu kwa muda mrefu. Ilikuwa kushoto. Nilikuwa nimelitengeneza gari la kaka yangu kama lori la saruji la kwenda Kampala.

Hapakuwa na njia ya kumfikia. Mwenye bendera alikuwa ng'ambo ya ghala, na katikati yetu magari yalikuwa yakipita. Nilikimbia hadi kwenye kamba iliyowazuia watazamaji, nikavua shati, nikalipunga, nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. "Simama! Kaka, simama!" Madereva wa Malaba wakaona hilo ni jambo zuri. Nao wakavua mashati, wakapunga, wakapiga kelele. Mzunguko wa pili kaka alituona. Akatoa mkono wa kulia dirishani, akatupungia, akakanyaga mafuta.

Nilimkamata mmoja wao kwa shingo. "Tairi ni mbaya! Nisaidie kumsimamisha!"

"Wacha woga, bwana," akasema, "yuko namba mbili!"

Sijapata kuchukia watu kama nilivyowachukia wale, na hawakuwa na kosa lolote. Mzunguko wa tatu nilifikiri kuruka kamba nisimame njiani mbele yake. Sikuruka. Hilo nimeliungama kwa padri zaidi ya mara moja, na bado ninalo.

Mzunguko wa nne, pale pale tuliposimama, tairi lilichomoka kwenye rimu. Rimu ikauma murram na gari likapindukia kulia, upande wa dereva. Mkono wake ulikuwa nje ya dirisha, kwa sababu sisi tulikuwa bado tunapunga mashati.

Hospitalini waliukata chini kidogo ya bega. Hakuna mtu anayempa tangi la mafuta dereva wa mkono mmoja, na kaka alilijua hilo kabla hata hajaweza kukaa kitandani. Siku ya nne aliweza kuzungumza. Nilikuwa kando yake na maneno yangu tayari, nimeyapanga njia nzima kutoka Malaba, lakini yeye akaanza.

"Ndugu yangu, unisamehe."

"Nikusamehe nini, kaka?"

"Ile kona niliingia mbio sana. Nilijua watu watasema ni tairi, ndiyo maana nimewaambia wote waliokuja kuniona: kazi ya ndugu yangu ilikuwa safi, kosa ni langu. Sitaki wakuharibie jina. Lakini gari letu nimeliua. Unisamehe."

Nilifungua kinywa. Alikuwa akinitazama, akingoja, uso umekonda, na mkono uliobaki ulikuwa umeshika ukingo wa shati langu.

"Nimekusamehe, kaka," nikasema.

Akanishukuru, akapata usingizi.