Mshenga wa Chuma

Simu ile uliyoitupa kabatini mwaka jana ilikukosea nini? Iliharibika, au ulionyeshwa nyingine tu ukaionea aibu? Hakuna anayekusikia, sema kweli.

Rudy Kinnunen hakuwahi kujiuliza swali hilo kwa maneno. Alikuwa fundi wa matanuri yanayopasha nyumba joto mjini Duluth, kando ya ziwa kubwa kaskazini mwa Marekani, na kazi yake ya maisha ilikuwa kushuka kwenye vyumba vya chini vya watu akiwa na mkoba wa spana, kukuta tanuri ambalo wenzake wamelihukumu kufa, na kuliacha likinguruma. Wauzaji wanatuambia kila mwaka kwamba cha mwaka jana hakifai tena, nasi tunaitikia kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza. Rudy hakuitikia. Wala hakuwa mbishi. Alikuwa tu hasikii vizuri upande huo.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa lenzi yake. Aliinunua akiwa kijana, mkono wa pili, kwa mshahara wake wa kwanza: ndefu, nzito, chuma kitupu, rangi imechubuka pale vidole vinaposhika. Vuli iliyopita kamera yake ya tangu ujana ilimfia mikononi. Mafundi wakamwambia vipuri havipo. Dukani kijana mmoja mwenye adabu akamshauri aitumie ile lenzi kukandamizia karatasi zisipeperuke.

Rudy alimshukuru, akaenda zake. Wiki hiyo hiyo akanunua kwa mama mmoja wa mji jirani wa Cloquet kamera iliyotumika, ya kampuni nyingine kabisa, moja ya hizi za siku hizi zisizo na kioo ndani, nyembamba kama kitabu cha sala. Halafu akaagiza adapta.

Adapta ni pete ya chuma, basi. Upande huu inaishika lenzi, upande ule inaishika kamera. Kampuni za kamera zimeichonga midomo ya vyombo vyao isilingane, kila moja ikitaka mteja aoe ndani ya ukoo wake na afie humo humo. Adapta ndiyo mshenga anayekwenda kati ya koo mbili zisizosemeshana. Mshenga wa Rudy alikuwa wa bei ya chini, tena bubu. Hakuwa na waya wowote wa kupeleka habari, kwa hiyo kamera haikujua hata kama imeolewa. Mara ya kwanza iligoma kupiga, ikaandika kwamba haioni lenzi. Rudy aliikalia na kijitabu cha maelezo mpaka akapata mahali pa kuiamuru ipige hivyo hivyo.

"Wewe piga tu," aliiambia. "Kuona niachie mimi."

Majira yote ya baridi akapiga. Ziwa lilikuwa limeganda na meli zimelala bandarini, kwa hiyo alipiga vilivyo karibu: mkewe Lavonne akiwa na unga mpaka viwikoni, wanaume wakinywa kahawa chini ya kanisa, mbwa wa jirani mwenye barafu kwenye ndevu. Alizungusha pete ya lenzi kwa vidole, taratibu, mpaka kope za mtu zikasimama moja moja, na nyuma ya uso ule taa zikayeyuka kama matone ya siagi kwenye supu. Aliridhika hasa. Cha mbali hakukipiga hata kimoja. Cha mbali kipi, na dirisha lote ni theluji?

Wote nyumbani walikuwa wakingoja Machi. Aili, binti yao wa pekee, alikuwa amehitimu masomo ya unahodha na kupata kazi ya ofisa wa tatu kwenye meli ya madini ya chuma iitwayo Edna Thorsgard, na hiyo ndiyo ingekuwa meli ya kwanza kutoka msimu huo. Ukutani jikoni kwao kulikuwa na picha ya babu yake Aili, baharia wa meli kama hizo, akiondoka. Rudy aliipiga kwa lenzi ile ile. Ilikuwa picha nzuri ya mgongo. Mzee alikuwa akikunja kamba na hakugeuka, na mke wa mzee alipoletewa picha ile alisema, "Miaka yote nimeuangalia mgongo huo ukiondoka, na sasa mmenitundikia."

"Yangu itakaa pembeni yake," Aili alikuwa amesema. "Lenzi ile ile, baba. Na mimi nitageuka. Naapa."

Siku moja kabla ya safari, mchana, meli ya kuvunja barafu ilifungua njia kwenye mfereji wa bandari. Rudy akashuka gatini kujinoa. Akamkuta Dale Brusveen, dereva mstaafu wa magari ya kuzoa theluji, amesimamisha lenzi yake mpya nyeupe, kubwa kama ndoo.

"Kinnunen! Bomba hilo umelitoa kwenye tanuri la nani?"

"La mama yako. Alisema lako limekuwa baridi."

"Hii yangu inaliona jicho la shakwe kabla shakwe mwenyewe hajalifungua."

"Ndiyo maana kompyuta yako imejaa shakwe."

Dale akacheka mpaka akakohoa. Rudy akainua kamera, akaelekeza kwenye mnara wa taa mwisho wa gati, akazungusha pete. Mnara ukaja, ukaja, ukakaribia kusimama, na pete ikagonga mwisho. Mnara ulibaki umevaa ukungu. Akapangusa lenzi, akajaribu tena. Ukungu ule ule. Akaelekeza kwenye ile meli ya kuvunja barafu iliyokuwa nje ziwani. Uji.

Au ni macho? Baba yake pia macho yalianza kumwacha umri kama wake, kwanza ya mbali. Aligeuza kamera, akamwelekezea Dale, na sharubu za Dale zikajitokeza unywele kwa unywele, pamoja na makombo ya biskuti.

"Mbona unanichungulia hivyo?"

"Una biskuti mdomoni," Rudy alisema, na sauti yake ilikuwa ya furaha kuliko neno lenyewe. Macho yalikuwa mazima basi. Aliangalia pete ya lenzi, akaangalia mshenga wake bubu, na akaelewa. Pete ile ya adapta ilikuwa nene kupita kiasi kwa unene wa ukucha wa mtoto. Ilikuwa imeisukuma lenzi mbele mno. Ya karibu iliyaona yote, ya mbali haikuweza kuyafikia. Na yeye mwenye akili zake alikuwa ameijaribu miezi yote kwenye meza ya kahawa.

Dale alipoelezwa hakucheka. "Sikiliza, ndugu yangu. Kesho nitampiga mimi. Itakuwa kali kama wembe, nitakuletea mwenyewe mlangoni."

"Najua itakuwa kali."

"Basi?"

"Basi aliniomba mimi, Dale. Na hii."

"Kichwa kigumu wewe. Watakuzika na bomba lako."

Nyumbani sauna ya uani, kibanda chao cha kuoga mvuke, ilikuwa imekwisha pata moto, na Lavonne alikuwa akisuka mikate ya iliki kwenye meza ya jikoni, nyuzi tatu tatu za unga kama nywele za msichana. Aili alitoka sauna akiwa mwekundu, taulo kichwani, akamkuta baba yake ameifungua adapta kwenye ncha ya meza na bisibisi ya kutengenezea miwani.

"Hapa nakanda chakula," Lavonne alisema. "Hapa si gereji."

"Dakika moja, mama," Rudy alimwambia mkewe.

"Tangu nikuoe hiyo dakika haijaisha."

"Mimi ndiye niliyekuoa."

"Ndivyo walivyokudanganya."

Rudy alieleza tatizo. Aili akavuta kiti. "Baba, mwachie Dale. Kweli. Mimi sitakuwa nimepungua."

"Uliapa utageuka?"

"Niliapa."

"Basi na mimi nifanye la kwangu."

Aili alimtazama kidogo, kisha akanyoosha mkono. "Lete bisibisi. Vidole vyako ni vya tanuri."

Skrubu zilikuwa nne, ndogo kama mbegu za ufuta. Ya kwanza ikatoka, ya pili, ya tatu. Ya nne iligoma, Aili akakaza mkono, na skrubu ikaruka. Wote watatu waliisikia ikigonga kitu mara moja, tik, halafu kimya. Walipapasa sakafu. Walipekua soksi. Rudy alipitisha sumaku yake ya kazini meza nzima, ikaja na pini ya nywele, kwa sababu skrubu zile hazikuwa za chuma kinachoitikia sumaku. Mwishowe wote wakageuka kuitazama mikate.

"Hapana," Lavonne alisema. Akaibonyeza bonyeza kwa vidole, msuko kwa msuko. "Hamna. Ningeisikia."

"Nikiipata nitakutumia taarifa kwa redio," Aili alisema.

Chini ya uso wa adapta walikuta kilichowatesa: pete mbili za shaba, nyembamba kama ganda la kitunguu, zimelaliana. Aliyeifunga kiwandani, maskini, labda akiwa na zamu ndefu na mshahara wa kuhurumiwa, alikuwa ameweka moja zaidi. Rudy aliitoa ya juu, akaiweka kwenye kisahani, na Aili akarudisha skrubu tatu zilizobaki.

Kulikuwa kumeanza kuwa giza. Rudy alikwenda sauna kwanza, maana moto haungoji, kisha akatoka akiwa na taulo kiunoni na viatu vya theluji miguuni, mvuke ukimtoka mabegani kama chungu kilichofunuliwa, akasimama katikati ya uani na kamera. Juu ya kilima taa nyekundu za minara ya redio zilikuwa zimewaka. Alizungusha pete. Taa moja ilikuwa kubwa kama chungwa, ikawa zabibu, ikawa nukta, nukta kali kabisa. Akaendelea kidogo. Nukta ikaanza kuvimba tena.

"Imefika!" alipiga kelele. "Imefika na inapita!"

"Ingia ndani, majirani wanaona!" Lavonne alijibu kutoka mlangoni.

Kulikuwa na jambo moja, naye alimweleza Aili wakinywa kahawa. Alama ya mwisho iliyochorwa kwenye lenzi, ile ya kuonyesha umefika mbali kabisa, haikuwa na kazi tena. Ukizungusha mpaka mwisho bila kufikiri, unapitiliza. Kuanzia sasa angelazimika kuangalia mwenyewe, kila mara.

"Kwani zamani ulikuwa huangalii?" Aili aliuliza.

"Nilikuwa naiamini alama."

Aili aliondoka kabla hawajalala kwenda kupanda melini, na mkate wa iliki umefungwa kwa kitambaa, bado moto.

Asubuhi iliyofuata watu walijaa gatini, wengine na watoto mabegani, wengine na vikombe vya kahawa, pua zote nyekundu. Daraja la juu ya mfereji likainuka kuipisha meli. Edna Thorsgard akaingia mfereji polepole mno, ukuta wa chuma cha rangi ya kutu ukipita karibu kiasi cha kutaka kuugusa, vipande vya barafu vikisagana ubavuni mwake. Akapiga honi, mlio mrefu na miwili mifupi, na daraja likamjibu vivyo hivyo kwa honi yake, na Lavonne akaanza kulia ingawa alijiapiza kutolia.

Aili alikuwa nyuma kabisa ya meli, kwenye ukingo, koti la rangi ya chungwa na kofia ngumu nyeupe, redio mkononi. Aliangalia maji, akaangalia kamba, akasema kitu kwenye redio. Mgongo wake ulikuwa kwao. Alipita mbele yao hivyo hivyo.

"Geuka, mwanangu," Lavonne alinong'ona.

"Yuko kazini," Rudy alisema.

Kamera ya Dale ilikuwa ikilia kama cherehani. Meli ikapita mnara wa taa, ikaanza kugeuza pua kuelekea ziwa wazi. Watu wakaanza kurudi kwenye magari yao. Dale aliteremsha ndoo yake nyeupe, akamtazama Rudy kwa huruma ya kweli.

"Mgongo wa pili, ndugu yangu."

Jicho la Rudy lilikuwa bado kwenye kamera, vidole vikizungusha pete, na pete ilikuwa bado haijafika pale ilipogonga jana. Meli ikazidi kwenda, na Aili akazidi kuwa mkali, mdogo na mkali, kama mtu aliyechongwa kwenye punje ya mchele. Akatia redio mfukoni. Akageuka.

"Amegeuka," Rudy alisema.

"Anapunga mkono?"

"Hapana. Ametoa kitambaa." Akavuta pete unywele mmoja. "Anakula mkate wako."

"Mbele za watu! Mtoto huyu!"

Kule mbali Aili aliuma, akatafuna, na ghafla taya ikasimama. Akatia vidole mdomoni. Akakitazama alichokitoa, kwenye kiganja, muda mrefu. Kisha akainama kwa kicheko mpaka kofia ikamshuka usoni, akaisukuma nyuma, na akauinua mkono juu kabisa kuelekea gatini, vidole viwili vimebana kitu kidogo kiasi kwamba hakikuonekana.

"Ameshika nini?" Lavonne aliuliza.

"Skrubu yangu," Rudy alisema, na akabonyeza.