Kofia Mpya ya Fundi Viatu

Tangu fundi viatu avue kofia ya kijani na kuvaa ya bluu, mama wa duka la ng'ambo ya barabara hana raha. Miaka kumi na minane wamekuwa chama kimoja, leo kimemsibu nini? Hapa kuna mtu kamlainisha. Kutwa anamchungulia, lakini shati ni lile lile lenye kiraka begani, redio ni ile ile iliyofungwa kwa mpira, na mikono iliyoganda gundi bado inapokea kila kiatu kana kwamba inapokea mtoto mchanga. Leo uzalendo ukamshinda, akavuka barabara akiburuta ndala iliyokatika.

"Fundi, sema kweli. Wamekupa nini hao?"

"Hawajanipa kitu, dada." Akakata uzi kwa meno. "Mwenyekiti wetu wa chama alileta viatu vyake. Akanisukumia kwa mguu."

"Kwa hilo tu? Nani atakuamini?"

 Fundi aliinama, akaokota kwa mikono miwili ile ndala iliyokuwa chini mbele yake, pale mama wa duka alipoisukuma kwa kidole cha mguu.