Mahindi Marefu Yasiyo na Punje

Leo nimemenya mahindi ishirini, sikupata punje za kujaza kiganja.

Shamba langu hapa Fukayosi ukilitazama kwa mbali linapendeza. Mahindi yamenipita kimo. Ukimenya, gunzi tupu.

Na mimi nilikuwa na jibu tayari. Shangazi Mwanahawa alikatiza humo mahindi yakichanua, basi nikasema ameliroga. Nilisema hivyo nje ya msikiti, watu wakisikia.

Asubuhi hii kapita bwana shamba. Akaenda pembeni, kwenye kipande nilichochelewa kupanda, akamenya hindi moja. Limejaa.

"Haya yalichanua joto limepungua," akasema. "Yale mengine yalichanua kwenye jua kali. Unga wa mbelewele, yale maua ya kileleni, ulidondoka kwenye ndevu za hindi umeshakufa. Bila unga mzima, punje haishiki."

"Na mtu akipita humo?"

Akanitazama. "Mtu akipita, amepita tu."

Nikaenda kwa shangazi. Nilimkuta uani anamenya mahindi yake. Matupu vilevile.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea kumenya.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini tangu useme vile, hakuna anayemtuma mtoto kwangu kuomba moto. Hao nao utawaendea nyumba kwa nyumba?"

Nimerudi nyumbani na swali lake.

Ndugu zangu, nyinyi mngemwambia nini?