Baba Mkwe Alipokuja Kukagua Nyumba ya Magongo

Watu wakienda kumtazama mgonjwa huangalia shuka. Nimewaona wajukuu zangu: wanaingia wodini, wanapitisha macho sakafuni, wananusa, kisha wakitoka nje wanasema, "Bibi, hapa wanatunza vizuri." Nawauliza, mmejuaje? "Si umeona palivyo pasafi!" Basi nanyamaza, maana nikianza kusema sitamaliza, na mguu huu hautaki nisimame muda mrefu. Lakini leo nimekaa, kwa hiyo nitasema.

Mguu wangu ulivunjika wakati wa Mwingereza, baada ya vita ya Hitla. Nilikuwa bado mke mpya, kule upande wa Kinyangiri. Nyumba zetu zilikuwa tembe, paa lake udongo mtupu, bapa, na juu yake tunaanika nafaka. Siku hiyo mvua ilikuwa inakuja, nikapanda haraka haraka kuanua uwele, nikakanyaga ukingo uliokuwa umeliwa na mchwa. Nikaenda chini na uwele wangu. Nilisikia paja likilia kabla sijasikia maumivu.

Wakanibeba kwa machela mpaka misheni. Hapo palikuwa na hospitali, na nyuma yake, kando ya mawe makubwa, nyumba ndefu iliyopakwa chokaa. Ulikuwa unalala hospitalini mpaka mfupa ushike, halafu unahamishiwa kwenye nyumba ile ujifunze kutembea upya. Wenyewe walikuwa wameipa jina lao la Kizungu. Sisi tuliiita Nyumba ya Magongo.

Nesi wa nyumba ile alikuwa Mnyaturu wa upande wa Mgori, mrefu, mwembamba, mdomo mkali kama pilipili. Asubuhi anaingia na kusema, "Wanyiramba wangu, mmeamka au mmekufa? Waliokufa wabaki, walioamka tutembee." Ukimwomba maji, anakuonyesha mtungi ulipo. Ukiangusha gongo, anasimama na kukutazama mpaka uliokote mwenyewe. Uani palikuwa na fito mbili ndefu zilizofungwa kwenye nguzo, kama zile za kupitishia ng'ombe wanapokwenda kuogeshwa, na sisi tulipita katikati tukizishika huku na huku. Ukianguka humo, hakuna wa kukuinua. "Inuka mwenyewe," anasema, na anaendelea kumtazama mwingine. Nilimchukia! Nilimwita mchawi kwa Kinyiramba, nikidhani hajui. Kumbe alikuwa ameishi kwetu muda wa kutosha. Akasema, "Haya, mchawi anasema nyanyua goti."

Palikuwa pia na mama mmoja mnene, mpole, kazi yake kufagia na kugawa uji. Huyo, nesi akishatoka tu, ananishika kwapani na kunibeba mpaka kitandani. "Pumzika mwanangu, watakuua hawa." Ananilisha uji kwa mkono wake, na mimi mikono yangu mizima! Nilimpenda sana. Wakati ule ungeniuliza ni nani anajua kutunza wagonjwa katika nyumba ile, ningemtaja yeye bila kufikiri.

Mpaka asubuhi moja. Nilikuwa kwenye fito, jasho linanitoka, nikakanyaga mguu mbovu nikingoja uniangushe kama kawaida yake. Haukuniangusha. Ulitetemeka, ukasimama. Nikaachia mkono mmoja. Mguu bado umesimama! Nikaangua kilio, na nesi akaja karibu, nikadhani leo atanipa pole. Akasema, "Umeuona? Ni wa kwako huo. Haya, mwingine." Jioni alikuja kunikanda paja kwa mafuta kama alivyofanya kila jioni, na ndipo nilipomtazama mikono. Ilikuwa imevimba kwa kukanda miguu ya watu. Tangu siku hiyo sikutaka tena kubebwa na yule mama mnene. Nilitaka kubaki pale mpaka nitoke nikitembea kwa miguu yangu, bila gongo, nipite njia yote mpaka nyumbani watu wanione. Sikutaka kitu kingine chochote duniani.

Sasa nieleze habari za mkwe, vinginevyo hamtanielewa. Kwetu sisi wakati ule, mkamwana hazungumzi na baba mkwe wake mpaka afunguliwe mdomo. Yeye ndiye anayekufungua, kwa zawadi, mbuzi au kondoo, siku atakayoona mwenyewe inafaa. Kabla ya hapo unampigia magoti, unamwamkia kwa sauti ya chini macho yako chini, basi. Ukiwa na neno, unalipitisha kwa mumeo au kwa mama mkwe. Mimi nilikuwa sijafunguliwa. Mume wangu alikuwa amekwenda manamba, kukata mkonge huko pwani, na mama mkwe alibaki nyumbani kwa sababu ya mifugo. Kwa hiyo siku baba mkwe alipokuja kunitazama, alikuja peke yake, yeye na punda wake aliyebeba unga na kuku.

Nilikuwa katikati ya fito nilipomwona akiingia langoni. Nilikuwa nikienda vizuri, jamani, nilikuwa nikienda vizuri kuliko siku zote! Laiti ningeendelea kutembea. Lakini huyo ni baba mkwe, amekuja kwa miguu toka nyumbani kwa ajili yangu, na mimi nimesimama wima mbele yake kama askari. Mwili ukafanya ulichofundishwa. Nikaachia fito, nikapiga magoti.

Paja bovu halijui magoti. Nilianguka kifudifudi, uso kwenye mchanga.

Na nesi, ambaye alikuwa ameligeuzia lango mgongo, akasema vilevile alivyosema kila siku: "Inuka mwenyewe." Mimi nimelala pale, aibu imenijaa mpaka kooni, nguo imepanda, mkwe amesimama. Nilijaribu, nikashindwa. Ni yule mama mnene aliyekuja mbio, akinung'unika, akaninyanyua na kunipangusa mchanga usoni kwa kanga yake.

Baba mkwe alimfunga punda langoni. Aliwekewa kigoda, hakukaa. Akaanza kukagua nyumba ile kama mtu anayetaka kununua ng'ombe. Aliingia ndani, akashika blanketi, akalipima uzito mkononi. Alitazama chini ya vitanda. Alionja uji wetu, yule mama mnene akamwongezea maziwa na kumweleza jinsi anavyonipenda. Alinusa hata mtungi wa maji. Kisha akatoka, na mama wa Kizungu aliyekuwa mkubwa wa nyumba ile akaja kumsalimu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi wetu.

"Nyumba yako nzuri," baba mkwe akamwambia. "Blanketi nzuri, uji mzuri. Watu wako wabaya. Isipokuwa yule mnene."

Nesi akasogea. "Shikamoo mzee. Mgonjwa akianguka tunamwacha ainuke. Ndiyo dawa yenyewe."

"Marahaba. Dawa gani ya kumwacha mtu chini kama gunia? Mimi nilimchukua binti huyu kwao mzima. Baba yake akija kuniuliza, nimwambie nini? Nimwambie nilimwona amelala mchangani na watu wamesimama wanatazama?"

Na sauti yake ilitetemeka. Kwa hiyo sijawahi kumkasirikia moja kwa moja, maana niliisikia ile sauti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uchungu na mimi.

Mama wa Kizungu akasema, "Mzee, mfupa umeshika. Akikaa na sisi mpaka mavuno, atatembea. Akiondoka sasa, mguu utakauka hivyohivyo." Kisha akanigeukia mimi, Mungu ampumzishe, hakujua anachokifanya. "Mwenyewe aseme. Binti, unataka kubaki au unataka kwenda?"

Wote wakanitazama. Baba mkwe naye akasimama akingoja, kofia yake mkononi.

Neno lilikuwa pale, mdomoni, nalionja. Kubaki. Nilichohitaji ni kulitoa tu. Lakini kumjibu Mzungu mbele ya mkwe ambaye sijafunguliwa kuzungumza naye, tena kumpinga! Kwetu mke mpya hakufanya hivyo. Wangesema hakufunzwa kwao, wangemtukana mama yangu kaburini. Nikavuta kanga usoni, nikainamisha kichwa. Nilidhani nesi atasema kwa niaba yangu. Nilidhani kuinama kwangu kutasomeka kuwa ni kilio.

"Mmemwona," baba mkwe akasema polepole. "Anaogopa hata kusema."

Nesi alinipandisha juu ya punda mwenyewe. Akanipa magongo, akanikaza kanga, na alipokuwa amefunga fundo, mdomo wake u karibu na sikio langu, akasema, "Sema. Bado hujatoka langoni." Sikusema. Akarudi nyuma. Hakuwa na ule ukali wake tena. "Wewe ulikuwa unatembea," akasema, basi.

Nyumbani nilitunzwa, usipime! Loo, kama kutunzwa ni huko, hakuna mgonjwa aliyewahi kutunzwa kama mimi katika nchi yote ya Iramba. Baba mkwe alikataza nisiguse mchi wala chungu. Nililetewa chakula nilipo, nikabebwa kwenda kivulini, nikabebwa kurudi ndani. Wageni walikuja, wakaona ngozi laini niliyotandikiwa, wakaona mtindi kwenye kibuyu changu, wakasema, "Hapa mkamwana anatunzwa." Na mguu wangu chini ya ile ngozi unakauka, kama alivyosema yule mama wa Kizungu. Nilipojaribu kusimama kwa siri nyuma ya ghala, ulikuwa umekwisha kukunjika gotini, na haukukunjuka tena. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilivunjika kwanza, kisha nikasikia la mkuu, na ndiyo sababu halikupona.

Na mkifikiri hayo ndiyo machungu yote, ngojeni. Wiki moja baada ya kunirudisha, baba mkwe alinifungua mdomo. Alinihurumia, akaona asingoje zaidi, akanipa mbuzi jike mweusi mwenye alama nyeupe kichwani. Mbuzi mzuri, akazaa mapacha mara kwa mara. Wiki moja tu! Na neno la kwanza nililomwambia lilikuwa "Asante, baba." Ningesema nini? Mtu amekufungua mdomo kwa mbuzi jike, uutumie kumwambia amekosea?

Miaka ikapita. Mume wangu alirudi, tukazaa, mama mkwe akafariki. Watu walipokuwa wameanza kuimba habari za uhuru, baba mkwe akaamka asubuhi moja upande mmoja wa mwili umekufa, mkono na mguu. Wanawe wakamtandikia ngozi kivulini. Wakamletea mtindi. Nikaiona ile ngozi.

Nikamwambia mume wangu akate fito mbili ndefu.

Majirani walisema, wee acha! Mkamwana kilema anamtesa mzee wa watu, analipiza. Maana nilimsimamisha kati ya fito kila asubuhi, na alipoanguka nilimtazama. "Inuka mwenyewe, baba." Kulisema lile neno mbele ya mtu niliyempigia magoti kulinitoa machozi, nikageuza uso asiyaone. Jioni nilimkanda mguu kwa samli. Alinitukana, alilia, siku nyingine alikataa kula kwa hasira. Mpaka mguu wake ukasimama. Ukayumba, ukasimama, naye akanitazama kama mtoto aliyeokota kitu njiani.

"Kule kwenye nyumba ile," akasema, "ndicho walichokuwa wanakufanyia?"

"Ndicho, baba."

"Ulitaka kubaki?"

"Nilitaka."

"Ungesema, ningekuacha. Nilikuwa nimesimama pale nangoja useme."

"Nilikuwa sijafunguliwa mdomo, baba."

Alitazama chini. Baadaye akauliza, "Na siku ile, nani alikuangusha?"

Hilo ningeweza kumficha. Lakini alikuwa ameuliza, na mdomo wangu alikwisha kuulipia. "Hakuna aliyeniangusha. Nilikuona langoni, nikapiga magoti."

Aliachia fito, akachukua fimbo yake, akaanza kutembea kwenda zizini kuwaona ng'ombe, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu augue. Alikwenda vizuri, mguu unaburuza kidogo tu, na mimi nikamfuata na gongo langu. Nilijitahidi. Alipofika nusu ya njia aligeuka, akaona nimebaki nyuma, akasimama juani, mzee yule, akanisubiri.