Paka wa Msomi na Eda ya Dada Yangu

Katika ukoo wetu ni mimi peke yangu niliyefika sekondari, na tangu nirudi Lindi na cheti changu sikukifanyia jambo lolote la kuchosha miguu. Nilikaa kibarazani kwangu Mtanda nikiwaandikia watu malalamiko ya kupeleka boma, nao wakapeleka. Boma lenyewe lilikuwa mwendo wa kuvuta sigara mbili. Mimi sivuti.

Vita vikaisha. Mume wa dada yangu, aliyechukuliwa jeshini akapelekwa Burma, hakurudi. Ilikuja bahasha ya kahawia yenye muhuri wa serikali, na aliyeipokea mlangoni ni mama yake. Yule mama hakumpa mtu aisome. Aliiviringisha ndani ya kanga, akaitia sandukuni, akapiga kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la nguo yake.

"Haikusomwa," alisema, "basi mwanangu yu hai."

Dada yangu alikuwa akiishi kwake. Kwa hesabu ya mama mkwe, mke wa mtu aliye hai ana kazi: atwange, ateke maji, afue, na akikohoa kwa sauti aulizwe anamkoholea nani. Dada akaenda kwa kadhi. Kadhi akamwambia kwamba bila habari ya yakini hakuna mjane, na bila ujane hakuna ndoa nyingine. Na ndoa nyingine ilikuwapo, imesimama mlangoni: fundi mmoja wa kushona kanzu, mtu mpole, alikuwa anahamisha cherehani yake Kilwa Kivinje baada ya Idi ya mwaka uliofuata. Alitaka kwenda na mke. Asingengoja zaidi ya hapo.

Dada akaja kwangu. "Wewe ndiye msomi. Njoo umseme yule bibi."

Nikaenda, kwa kuwa ni nyumba ya nne kutoka kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeletwa na dada yako au na harufu ya samaki?"

Harufu ya samaki ilikuwa nzuri kweli, na hapo ndipo hasira iliponipanda. Nilitaka kumkejeli. Nikakumbuka kisa alichotusimulia mwalimu wetu wa sayansi, Mwingereza mmoja mwenye miguu myembamba, na nikamtolea chote mbele ya majirani wawili waliokuja kuomba moto.

Nilimwambia: kuna msomi huko Ulaya aliyewaza, kwa kuwaza tu, paka afungiwe sandukuni pamoja na chupa ya sumu. Juu ya chupa kuna nyundo, na nyundo imeshikwa na kichembe cha madini ambacho ndani ya saa moja huenda kikapasuka, huenda kisipasuke. Kikipasuka, nyundo inaanguka, chupa inavunjika, paka kwisha. Sasa wako wataalamu ambao hesabu zao zinasema kwamba maadamu sanduku halijafunguliwa, paka ni hai na ni maiti, yote mawili kwa pamoja. "Na wewe, mama," nikamalizia, "umemfanya mwanao kama paka yule."

Majirani wakacheka. Yeye hakucheka. Aliacha kupaa samaki.

"Wazungu wenyewe wamesema hivyo?"

"Wamesema, lakini..."

"Sanduku lisipofunguliwa, hajafa?"

"Mama, yule msomi alikuwa anawacheka wenzake! Alitaka waone upuuzi wa..."

"Nyamaza. Umeshasema."

Kufikia magharibi Mtanda nzima ilikuwa na fatwa yangu. Kisimani, sokoni, kwa muuza mafuta ya taa: hata mdogo wa mke mwenyewe, aliyesoma, kakiri kwamba barua isifunguliwe. Fundi naye akasikia. Akamtumia dada salamu, kwa adabu zote, kwamba hawezi kuoa nusu mjane.

Miezi minane ikapita hivyo. Ningeweza kusema nilihangaika. Nilinenepa.

Siku chache kabla ya Idi dada akanikuta kibarazani, akanipokonya kikombe cha kahawa mkononi.

"Boma walioandika barua ile hawajui walichokiandika?"

"Wanajua."

"Mimi nikienda wananifukuza, wanasema niilete barua. Wewe unajua kuongea nao kwa lugha yao. Una miguu?"

"Ninayo, dada, ila..."

"Miezi minane unanipa paka! Nilikuomba miguu, ukanipa paka!"

Nilivaa viatu. Vilikuwa vimeota ukungu.

Boma, karani alifungua daftari, akapitisha kidole, akasoma bila kuinua macho: alikufa kwa homa, hospitali ya jeshi, mwaka jana, miezi kumi na minne iliyopita. Ilichukua muda mfupi kuliko kutoa jongoo ndani ya kiatu, kazi niliyokuwa nimeifanya asubuhi ile.

Tukaenda kwa kadhi, mimi, dada na cheti alichoniandikia karani. Dada alikuwa ameshajitayarisha kukaa ndani miezi minne na siku kumi, na kumpoteza fundi. Kadhi akahesabu kwa vidole, akarudia.

"Eda huanza siku aliyokufa mume," akasema, "si siku aliyosikia mke. Eda yako imekwisha zamani, mwanangu. Huna cha kukaa."

Nilimtazama dada nikitarajia furaha. Alinitazama kama mtu anayetafuta jiwe.

"Kwa hiyo siku ile ulipomsimulia paka wako," akaniambia, "nilikuwa nimeshakuwa huru. Nikaendelea kumtwangia."

Njia nzima alitembea mbele yangu.

Matanga yalifanyika nyumbani kwa yule mama. Dada alilia, na kilio kilikuwa cha kweli. Mume yule hakuwa mbaya. Watu walikula kwa sinia. Nilipotaka kujisogeza kwenye duara la wanaume, mama mkwe akatoka ndani mwenyewe, akasimama juu ya kichwa changu.

"Huyu asile. Mwanangu alikuwa hai mpaka huyu alipokwenda boma. Yeye mwenyewe alisema, mashahidi wapo."

Na mashahidi walikuwapo, wanatafuna. Nilifungua mdomo kumweleza kuhusu hesabu za wataalamu. Nikaufunga. Kwa hesabu zile zile nilizomfundisha, mwuaji nilikuwa mimi.

Nilimtafuta dada kwa macho, anitetee japo kwa neno moja. Alikuwa mlangoni, kichwani bunda la nguo zake, mkononi ndoo yake ya maji aliyokuja nayo akiwa bikira. Fundi alikuwa anamngoja kwenye kona, kwa mbali, kwa adabu.

"Msimpe," dada akawaambia. Akatoka.